Sahani za bluu za mti na daraja: nakshi ni moja au mbili? Nisaidieni kuzitenganisha

#1 KabatiLaBibi

Wakuu salaam.

Marehemu bibi yetu wa Pangani ametuachia kabati la sahani za bluu, zile zenye mti ulioinamia maji, daraja lenye watu, nyumba ya Kichina upande wa kulia na ndege wawili juu wanaotazamana. Siku zote tumezihesabu seti moja. Juzi dada yangu kaziosha zote na kuzipanga uani juani, ndipo tukaona kumbe hazifanani.

Tisa bluu yake imekolea. Nyuma zina neno WILLOW na chini yake ENGLAND, jina la kiwanda limefutika. Tatu bluu yake inaelekea kwenye kijivu, ndege ni wanene zaidi, matunda ya ule mti wa nyuma ya nyumba ni machache, na uzio wa mbele unakatika kabla haujafika ukingoni. Nyuma hazina herufi hata moja, ila kila moja ina vialama vitatu vidogo vilivyokaa pembe tatu.

Mimi nadai zile tatu ni za kuigiza, kuna mtu alimuuzia bibi. Dada anasema hizo tatu ndizo za zamani na tisa ndizo zilizoiga. Tunataka kuongezea mpaka zifike kumi na nane ili kila mjukuu apate yake, sasa hatujui tutafute za aina gani. Picha nimeweka chini.

#2 DSM_Minada

Picha za mbele umeweka sita, za nyuma moja tena ina ukungu. Geuza sahani mkuu. Mbele kila mtu anaweza kuiga, kwenye kitako ndiko mtu anajisahau.

#3 ShangaziTanga

Umenikumbusha mbali. Kwetu Ngamiani sahani hizi hazikushuka kabatini ila Idi au akija mkwe. Mama akishazirudisha anatia karatasi kati ya sahani na sahani. Na kwetu pia hazikuwa sawa zote, lakini hakuna aliyeuliza, ilikuwa "sahani za mti" basi.

Poleni kwa kuondokewa na bibi.

#4 FundiKauri

KabatiLaBibi, kabla hamjafika kwenye feki na halisi: Willow ni jina la nakshi, kiwanda cha jina hilo usikitafute. Na nakshi yenyewe haina mwenyewe. Ilizaliwa Uingereza kwenye miaka ya 1790 hivi. Wachongaji walichukua vipande vya picha kutoka kwenye vyombo vya kauri vilivyoletwa kutoka China, wakaviunganisha kuwa mandhari moja. Anayetajwa sana ni Thomas Minton, mchongaji aliyepitia kiwanda cha Caughley, na Josiah Spode wa Stoke-on-Trent ambaye mwaka 1784 alikuwa ameshafanikisha uchapaji wa bluu chini ya ule utando wa kioo. Baada ya hapo mamia ya viwanda wameichapa, na hakuna aliyemwomba mwenzake ruhusa.

Jinsi ilivyofanywa ndiyo inayoeleza tofauti unazoziona. Picha ilichongwa kwa mkono kwenye bamba la shaba. Bamba likapakwa rangi, likakandamiziwa karatasi nyembamba, karatasi ikabandikwa kwenye sahani iliyokwisha kuchomwa mara moja, ikasuguliwa, kisha karatasi ikaoshwa na rangi ikabaki. Halafu sahani ikachovywa na kurudi tanuri. Kila saizi ya sahani ilihitaji bamba lake. Bamba likichakaa linachongwa upya, pengine na mkono mwingine. Kwa hiyo ndege mnene na ndege mwembamba wanaweza kuwa wametoka jengo moja.

Fanyeni hivi. Tazameni nakshi ya ukingo, ile ya vijipembe na mistari. Kwenye uchapaji wa karatasi ukingo hubandikwa kama utepe, na utepe una mahali unapokutana. Mara nyingi hapo michoro haiungani vizuri. Mkiupata mshono huo mjue mna chapa ya karatasi na mkono wa mtu. Msipouona kabisa, na ukitazama kwa kioo cha kukuzia mistari ni mabaka bapa badala ya michirizi na vitone vilivyochongwa, hiyo ni chapa ya baadaye.

Vile vialama vitatu ni vya vigingi vilivyoishikilia sahani tanurini ili isigande na mwenziwe. Vyenyewe havisemi uhalisi wala uongo.

#5 Mpemba_Mkavu

Fundi umeshusha darasa asubuhi asubuhi. Nilikuwa na maswali mawili, yote yameisha.

#6 DSM_Minada

Nyongeza kwa #4. Neno ENGLAND lina faida yake. Marekani walitunga sheria ya ushuru mwaka 1890, ikaanza kazi 1891, kwamba chombo cha nje lazima kiandikwe nchi kilikotoka. Ndiyo maana viwanda vya Uingereza vikaanza kuandika ENGLAND chini, na baadaye MADE IN ENGLAND. Hivyo tisa zako ni za 1891 kuja huku. Zile tatu hazina jina la nchi, kwa hiyo zimetangulia 1891. Dada yako kashinda, mnunulie soda.

Kwa wengine wanaokusanya: ukiona kialama cha almasi chenye herufi na namba pembeni, hicho ni cha kusajili mchoro Uingereza kati ya 1842 na 1883. Kuanzia 1884 wakaacha almasi wakaweka "Rd No" na namba. Ila hiyo ni tarehe ya kusajili mchoro. Sahani yenyewe inaweza kuwa imefinyangwa miaka mingi baadaye.

#7 AbuSalma_Muscat

Assalaam alaykum. DSM_Minada, hapo nakupinga kidogo. Sheria hiyo ni ya Marekani na iliwabana wenye kupeleka mzigo Marekani. Meli iliyokuja Unguja, Mombasa au Maskati haikuwa na sharti hilo. Kiwanda kilichouza kote kiliandika nchi kwenye kila kitu kwa kurahisisha kazi, lakini kilichouza huku kwetu kingeweza kuacha wazi hata 1910 au 1920. Sahani yenye ENGLAND ni kweli aghlabu ni ya baada ya 1891. Isiyokuwa na neno haiwezi kusemwa ni ya kabla. Dalili hiyo inakwenda upande mmoja tu.

Huku Oman majumba ya zamani yana matundu ukutani ya kuwekea sahani kama yale ya Lamu, na utakuta bluu ya China, ya Uingereza na ya Uholanzi zimekaa safu moja. Waliozinunua walitazama uzuri wake.

#8 DSM_Minada

Hoja nimeipokea AbuSalma. Lakini sahani ya baada ya 1891 ambayo haina jina la kiwanda WALA nchi WALA namba, kiwanda gani kinachojiheshimu kingefanya hivyo?

#9 FundiKauri

Vingi tu. Zilizotoka na dosari ndogo ziliuzwa kwa bei ya chini bila kupigwa muhuri. Na viwanda vidogo havikuwa na jina la kujivunia.

#10 MamaVyombo

Jamani mbona mnazunguka? Njia rahisi ipo: hesabuni matunda kwenye mti. Mimi nakusanya Willow muda mrefu hapa Moshi, na kila kiwanda kina idadi yake ya matunda. Kiwanda hakibadilishi. KabatiLaBibi hesabu matunda kwenye tisa, hesabu kwenye tatu, utuletee.

#11 KabatiLaBibi

Dada kahesabu. Kwenye zile tisa ni 32 zote. Kwenye zile tatu, moja ina 25 na mbili zina 28.

#12 MamaVyombo

Unaona! Viwanda viwili tofauti, pengine vitatu.

#13 FundiKauri

Dada MamaVyombo, kwa heshima zote, kuhesabu matunda kunafaa kulinganisha sahani mbili za saizi moja zenye muhuri mmoja. Kutaja kiwanda kwa idadi ya matunda hakuwezekani. Nimesema #4 kila saizi ina bamba lake: sahani ya wali ina nafasi ya matunda mengi, kisahani cha chai kina nafasi ndogo, na mchongaji anapunguza. Kiwanda kimoja kina idadi tofauti kwenye seti ileile.

KabatiLaBibi, upana wa hizo tatu ni sawa na wa tisa?

#14 MamaVyombo

Fundi, basi kwa nini zile tisa zote ni 32 bila kukosea? Na hizo mbili zote 28? Ukikusanya utagundua idadi zinajirudia. Mimi sijasema ni sheria ya Musa, nasema ni njia ya kwanza ya kutenga mafungu. Ukishatenga ndipo unatafuta jina.

#15 Mvita_Asili

Watu wa Bara mwahesabu matunda, hadithi hamuijui! Nyanya yangu Mombasa, Mji wa Kale, alitusomea sahani hii kama kitabu: huyu binti wa tajiri, huyu karani wa baba yake, wakapendana, baba akajenga uzio, wakatoroka kwa daraja. Wale watatu darajani ni binti, mpenzi wake na baba mtu mwenye kiboko. Wakakimbilia kisiwani kwa mashua, wakauawa, wakageuka njiwa wawili. Kila kitu kwenye sahani kina kazi yake katika hadithi. Kwa hivyo sahani isiyo na uzio kamili au isiyo na watu watatu, hiyo si Willow kamili.

#16 FundiKauri

Mvita, hadithi ni tamu na mimi naipenda, ila ilitungwa Uingereza baada ya sahani. Ilichapishwa kwenye jarida huko mwaka 1849, zaidi ya miaka 50 tangu nakshi ianze, na haikutoka China. Mchongaji wa 1790 hakuwa na binti wala karani kichwani.

Lakini hesabu ya vitu vyako inafaa kwa kutenganisha. Willow ya kawaida ina daraja lenye watu watatu, uzio mbele, mashua, kisiwa juu kushoto, ndege wawili. Nakshi ndugu zake hupungukiwa. Iitwayo Mandarin haina daraja. Two Temples ina mahekalu mawili yaliyokaa moja mbele ya jingine, na ndege hawapo. Ile ya kiwanda cha Booths cha Tunstall inayoandikwa "Real Old Willow" ina mstari wa dhahabu mdomoni na ukingo wa mchoro mwingine kabisa. Watu wa minadani huzichanganya zote wakaita Willow, na mtu wa kuagiza kwa simu analetewa sahani isiyokaa na zake.

#17 Mvita_Asili

Ahsante. Lakini nyanya yangu hatumuondolei njiwa zake.

#18 ShangaziTanga

Kwetu hadithi ilikuwa nyingine, watu watatu darajani ni wavuvi wanarudi nyumbani. Nadhani kila nyumba iliisoma inavyotaka.

#19 KaratasiNyembamba

Mnaisahau Japan. Willow ya Japan ilitengenezwa kwa wingi sana karne iliyopita, Noritake na viwanda vingine visivyo na jina. Bluu inayoelekea kwenye kijivu, ndege wanene, nyuma pasipo neno, hizo ni sifa ninazozikuta kwenye sahani za Japan mara kwa mara. Zilizokwenda Marekani ziliandikwa NIPPON kati ya 1891 na 1921, kisha JAPAN, na baada ya vita ya pili mpaka 1952 nyingine zikaandikwa MADE IN OCCUPIED JAPAN. Zilizokuja Afrika Mashariki, kama alivyosema AbuSalma, hazikuwa na haja ya kuandikwa. Na bidhaa za Japan kwenye maduka ya pwani kabla ya vita zilikuwa nyingi, zikiwemo kanga zilizochapwa huko. Kwa nini vyombo visiwemo?

Kura yangu: tatu ni Japan, za miaka ya 1920 au 1930.

#20 DSM_Minada

Hiyo ina mantiki. Basi soda ya dada isimame kwanza.

#21 KabatiLaBibi

Hahaha soda tayari kashainywa.

Majibu: (1) Upana, tatu ni ndogo kuliko tisa kwa upana wa kidole hivi. (2) Nimezishika kwenye taa ya simu kwa nyuma usiku, mwanga haupiti kwenye zozote. (3) Mshono wa ukingo kwenye tatu unaonekana wazi, kuna mahali vijipembe vimekatwa nusu. Kwenye zile tisa nimezungusha mara kadhaa sijauona. (4) Zile tatu zina vijinyufa vyembamba sana ndani ya kioo, kama nywele, bila kupasuka.

#22 FundiKauri

Mwanga kutopita maana yake ni udongo mweupe, kauri yenyewe ingepitisha kivuli cha vidole. Hilo halitengi Uingereza na Japan, wote walifinyanga udongo huo. Mshono kwenye tatu na kukosekana kwenye tisa kunanivuta upande wa dada. Tatu zilichapwa kwa karatasi, tisa zinaweza kuwa za karne ya 20 zikiwa zimebandikwa nakshi kwa mashine.

#23 MamaVyombo

Na udogo wa kidole kimoja unaeleza matunda 25 na 28 kwa maelezo ya Fundi mwenyewe. Lakini mbona hizo tatu hazilingani zenyewe kwa zenyewe wakati upana wao ni mmoja? Moja 25, mbili 28. Ndiyo maana nasema mafungu ni matatu.

#24 Mswahili_Limburg

Natoa angalizo kwenye mshono. Kuna kiwanda Stoke, Burleigh, jengo lao la Middleport ni la mwishoni mwa miaka ya 1880, na mpaka leo wanachapa kwa karatasi na mkono. Sahani mpya kabisa ya kwao ina mshono. Kwa hiyo mshono unaeleza njia, tarehe hauitoi. Vijinyufa navyo vivyo hivyo, huja kwa uzee, kwa maji moto, au kwa udongo na kioo kutopatana tangu tanurini.

Halafu naomba nichepushe uzi kidogo kwa sababu naishi karibu na Maastricht, Uholanzi, na jambo hili liko moyoni. Watu wa pwani mna hazina nyingine makabatini ambayo hamuitazami: yale mabakuli ya wali na uji yenye maua ya kugonga kwa muhuri, mekundu, kijani na bluu, yenye pete za rangi mdomoni. Mengi yalitoka hapa Maastricht, kwa Petrus Regout na kwa jirani yake Société Céramique. Kiwanda cha Regout ndicho kilichokuja kuitwa De Sphinx mwaka 1899, na alama yake ni yule mnyama wa Misri aliyelala. Walikata sponji ikawa umbo la ua au jani, wakaichovya rangi wakagonga bakuli kuzunguka. Yalipelekwa Asia ya Kusini-Mashariki na Afrika Mashariki kwa wingi.

Huko ndiko kutenganisha kunakoumiza kichwa hasa. Willow ina bamba la kufuatilia. Ua la sponji, mfanyakazi wa Maastricht, wa Scotland, wa Ubelgiji kwa Boch na wa Ujerumani kwa Villeroy & Boch wote waligonga ua lilelile.

#25 Mpemba_Mkavu

Mabakuli hayo! Kwetu Wete moja linachotewa maji ya kuku. Nakwenda kuligeuza sasa hivi.

#26 Mpemba_Mkavu

Nimeligeuza. Lina mnyama amelala na maneno MAASTRICHT na MADE IN HOLLAND. Kuku wametafutiwa kopo.

#27 Mswahili_Limburg

Alhamdulillahi. Lioshe kwa maji ya uvuguvugu, usiliweke klorini. Maandishi MADE IN HOLLAND yanaliweka karne ya 20.

#28 Mzee_wa_Amu

Nasoma tangu jana. Kwetu Amu na Pate nyumba za mawe zina zidaka, safu kwa safu za matundu ya chokaa kwenye ukuta wa ndani, na humo hukaa sahani na mabakuli. Watu husema zidaka ni za kuonyesha mali. Wengine wasema ni za kuipa nafasi ndefu chumba chembamba, ukuta uonekane una kina. Nilivyosikia kwa wazee wetu ni kwamba chombo cha kung'aa hurudisha jicho baya na hutangulia kupasuka kabla mwenye nyumba hajadhurika. Ndiyo maana sahani iliyopasuka ilirudishiwa nyingine haraka, yoyote iliyofanana.

Na hapo ndipo naona jibu la KabatiLaBibi. Bibi yake hakutapeliwa. Sahani tatu zilivunjika, akaenda dukani akaomba za mti, akapewa zilizokuwepo. Sisi leo twataka seti, wao walitaka safu isiwe na pengo.

#29 KabatiLaBibi

Mzee shikamoo. Hili halikuwahi kunijia kabisa, na kwa jinsi bibi alivyokuwa, linamfanana.

#30 KaratasiNyembamba

Linaeleza zilifikaje kabatini, halielezi zilitoka wapi. Duka la pwani miaka ya 1930 lingekuwa na Japan kwenye rafu. Bado nipo palepale.

#31 AbuSalma_Muscat

Au lilikuwa na mzigo wa zamani wa Uingereza uliolala stoo. Mimi nami nipo palepale.

#32 Kinondoni_Kale

Mzee wa Amu kataja zidaka. Makaburi ya nguzo ya Kunduchi nayo yalipachikwa sahani na mabakuli ya China kwenye nguzo, na Mambrui karibu na Malindi vilevile. Leo mengi ni mashimo matupu, watu wamevichokoa. Nimewahi kuletewa bakuli lenye chokaa bado imeganda kitakoni, nikakataa.

Wanaokusanya wajue: Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 Tanzania Bara inalinda vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya 1863. Kenya, sheria ya makumbusho ya 2006 inalinda vitu vilivyotengenezwa au kuletwa nchini kabla ya 1895. Sahani ya bibi kabatini ni urithi wenu, lakini ukitaka kuuza au kuvusha mpaka kitu cha umri huo, anza kwa kuuliza ofisi ya mambo ya kale. Chokaa kwenye kitako ni dalili mbaya kuliko kukosa muhuri.

#33 FundiKauri

Naunga mkono kwa mikono miwili. Mtu akitaka kujizoeza jicho aende makumbusho ya Fort Jesus Mombasa, kuna vyombo vya China na vya Uajemi vilivyochimbwa pwani. Ukikaa nusu saa mbele ya kauri ya China halisi, pete ya kitako chake isiyo na kioo na bluu ya mkono wa brashi, hutaichanganya tena na chapa ya Uingereza. Brashi ina mahali rangi imelowana na mahali imekauka, chapa ina michirizi iliyolingana.

#34 MkeWaMwalimu

Swali la jikoni. Naweza kupakua pilau kwenye hizi? Mume wangu anataka tuzitumie, anasema sahani si ya kutazamwa.

#35 MamaVyombo

Pilau kavu mara moja moja si neno. Usiweke achari, ndimu, ukwaju wala mchuzi wa nyanya ukaulaza humo. Kioo cha vyombo vingi vya zamani kilikuwa na risasi, na uchachu huitoa. Yenye vijinyufa au iliyolika usiitumie kwa chakula kabisa, maana mafuta yanaingia ndani ya udongo na hayatoki. Na usiipashe moto kwenye maikrowevu.

#36 MkeWaMwalimu

Ahsante dada. Basi Idi tu.

#37 Kijana_Ilala

Za kwetu ni zile nyeupe za maua, Arcopal, nazo zina maua yanayofanana mpaka nachoka. Zinahesabika?

#38 DSM_Minada

Zinahesabika. Arcopal ni kioo cheupe cha Ufaransa, udongo haumo. Ilianza 1958. Muhuri upo kitakoni, wakati mwingine umeinuliwa kwenye kioo chenyewe, upapase kwa kidole. Corelle ya Marekani ni ya 1970, nyembamba na nyepesi zaidi. Fungua uzi wake, nitakuja.

#39 KabatiLaBibi

Narudi kwenye sahani. Nimezisoma hoja zote na dada kazisoma. Msimamo hadi sasa: Fundi anaegemea kwamba tatu ni Uingereza za zamani zaidi, KaratasiNyembamba anasema Japan, MamaVyombo anasema mafungu matatu, Mzee wa Amu anasema bibi alijaza pengo. Hazigombani zote.

Tumekubaliana nyumbani kwamba tutaongezea kwa kufuata zile tisa, kwa kuwa zina neno la kutafutia. Je, nikikuta Willow ya Johnson Brothers au Churchill itakaa nazo? Ndizo ninazoziona mtandaoni.

#40 FundiKauri

Zote mbili ni za Uingereza na zote ni Willow ya kawaida. Usinunue kwa jina. Mwombe muuzaji picha tatu: ukingo kwa karibu, kitako, na sahani imewekwa juu ya karatasi nyeupe mchana bila taa. Bluu chini ya balbu ya njano hudanganya kila mtu. Halafu linganisha uzio na ndege na zako kabla ya kutuma pesa. Na umuulize upana kwa sentimita, kwenda kwa jicho ndiko kulikoleta sahani ndogo kwenye safu ya kubwa.

Zile tatu msizitenge. Ziwekeni kati ya nyingine, kama bibi alivyoziweka.

#41 MamaVyombo

Na muhesabu matunda.

#42 Mvita_Asili

Na muwatazame njiwa.

#43 Arusha_Mnadani

Wakuu, nimechelewa ila nina kitu kinachokaribiana. Nina vipande vitano vya bluu na nyeupe, vimaua vidogo vya mkono, mwili una mifereji mifereji kama kitambaa cha marinda. Nyuma kuna mistari mitatu ya mawimbi. Vingine viwili vina maua yaleyale lakini hakuna mawimbi. Ni kiwanda kimoja?

#44 Mswahili_Limburg

Mawimbi matatu ni Royal Copenhagen ya Denmark, kiwanda cha 1775, na mistari hiyo ni milango mitatu ya bahari ya nchi yao. Maua hayo yana ndugu wengi, Meissen wa Ujerumani waliyachora kabla yao na viwanda vya Ujerumani vimeyarudia sana. Vile viwili visivyo na mawimbi usiviweke fungu moja kwanza. Mdomo wa sahani ni mzima au una matundu matundu kama lesi? Na ukitazama jina la kiwanda kitakoni, kuna kijistari kidogo juu au chini ya herufi mojawapo? Kipo ili kutaja mwaka. Piga picha ya hapo.

#45 Arusha_Mnadani

Mdomo mzima. Kijistari sijakiona, umeme ukirudi natazama.